Walinikata asilimia 5: je, kodi yangu imeisha?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Nimepanga vyumba viwili pamoja na mdogo wangu anayesoma chuo. Sina ajira ya kudumu. Nilipomaliza shahada niliomba kazi mpaka nikachoka kupeleka bahasha, ndipo mwaka juzi nikaanza kuoka keki za oda nyumbani: za sendofu, za kipaimara, za siku ya kuzaliwa. Mwaka ule wa kwanza mauzo yalikuwa madogo, hayakufika hata 3,000,000 kwa mwaka mzima.

Mwaka jana mambo yalibadilika. Rafiki yangu aliniunganisha na kazi za utafiti. Mashirika yanachukua vijana, yanatupa vishkwambi na madodoso, tunaingia vijijini kuhoji kaya kwa kaya. Nimefanya kazi Kongwa, Bahi na Manyoni. Kwa kuwa Kigogo nakijua tangu utotoni, walinipa pia kazi ya kusikiliza mahojiano yaliyorekodiwa, kuyaandika na kuyatafsiri. Nilinunua kompyuta mpakato ya 1,200,000 kwa ajili ya kazi hiyo tu.

Nilipata mikataba mitatu kwa mwaka: mmoja wa 2,400,000, mwingine 1,800,000 na wa mwisho 1,200,000, posho ya kulala vijijini ikiwa humo humo. Kila mmoja walinikata asilimia 5 kabla ya kunilipa. Shirika la kwanza na la tatu walinipa cheti cha makato. La pili hawakunipa kitu. Nilipomuuliza mhasibu wao alinijibu kwamba hilo lilishakwisha, nisisumbuke. Huku nyuma keki ziliendelea, wastani wa 400,000 kwa mwezi, ingawa zaidi ya nusu inarudi kwenye unga, mayai, gesi na maboksi.

Sasa, Shangazi, lile shirika la kwanza wanataka kunipa mkataba wa miezi sita, 1,500,000 kwa mwezi. Sijawahi kupata kazi ya namna hiyo. Lakini wanataka TIN ya biashara na cheti cha TRA cha kuonyesha kwamba sidaiwi kodi. TIN ninayo, niliipata wakati wa kuchukua leseni ya udereva. Zaidi ya hapo sijawahi kukanyaga TRA.

Mjomba wangu, aliyefanya biashara Soko la Majengo miaka mingi na ndiye aliyenilea baba alipofariki, amenikataza. Anasema, "Ukishaonekana mara moja, hutoki tena." Kwake yeye kodi yangu walishaikata hao wenye mikataba, na hela za keki zinaingia kwa simu, nani atajua? Kuna rafiki yangu mwalimu wa shule ya serikali, wakati wa likizo huwa tunafanya naye kazi hizi za utafiti. Naye anasema hajawahi kujaza karatasi yoyote kwa sababu mshahara wake unakatwa kila mwezi. Halafu kuna kijana mmoja anasema ana watu wake ndani, nimpe 150,000 anitolee cheti kwa siku mbili. Pesa sijampa, lakini nimeshamtumia picha ya kitambulisho changu cha NIDA na namba ya TIN.

Naomba unisaidie. Ile asilimia 5 imemaliza kodi yangu au bado? Keki nazo nizitaje? Na posho? Kila mwezi namtumia mama yangu Mpwapwa 100,000, na ada ya mdogo wangu nalipa mimi. Hivyo vitapunguzwa? Naogopa nikienda watanipigia hesabu ya mamilioni ambayo sina, na nisipokwenda mkataba unapita. Shirika wamenipa hadi mwisho wa mwezi huu wa Mei.

Binti wa Nkuhungu

—

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku wote uliokosa usingizi kwa jambo hili.

Nianze na huyo kijana wa 150,000, maana ndiye wa haraka kuliko yote. Usimpe kitu. Huyo ni kishoka. TIN hutolewa bure, na cheti cha kutodaiwa kodi hutolewa na TRA wenyewe. Atakachokuletea ndani ya siku mbili ni kimojawapo kati ya viwili: cheti cha kughushi, au cheti kilichopatikana kwa ritani (taarifa ya mapato na kodi ya mwaka) ya uongo iliyojazwa kwa jina lako. Cha kwanza kitakamatwa siku shirika watakapokihakiki, na mkataba utapotea pamoja na jina lako zuri. Cha pili kitakufuata baadaye, na mwenye kuulizwa utakuwa wewe, yeye atakuwa ameshabadilisha laini ya simu. Kwa kuwa tayari ana picha ya kitambulisho chako, ukifika TRA waombe waangalie kama kuna chochote kimejazwa kwenye TIN yako, kisha uhakikishe namba ya simu na barua pepe zilizomo kwenye usajili ni zako.

TIN uliyopata kwa ajili ya leseni ya udereva ni TIN isiyo ya biashara. Hutapewa nyingine, kwa sababu mtu mmoja ana TIN moja tu. Utakwenda kuhuisha taarifa zake ili isomeke kwamba unafanya biashara, uwatajie keki na kazi za utafiti.

Sasa asilimia 5. Inaitwa kodi ya zuio. Anayekulipa kwa huduma ya kitaalamu anatakiwa na sheria aizuie na kuipeleka serikalini kwa jina lako. Yapo mapato ambayo makato yake ndiyo mwisho wa habari. Riba anayopata mtu binafsi kwenye akaunti yake ya benki, kwa mfano, hukatwa asilimia 10 na yakaisha. Malipo ya huduma kama zako hayamo katika kundi hilo. Kwako wewe ile asilimia 5 ni malipo ya awali. Mwaka ukiisha unakaa chini, unahesabu kodi yako halisi, unatoa kile kilichokwisha kukatwa, na tofauti ndiyo unayolipa, au ndiyo unayodai.

Umesoma vizuri: unadai. Endelea kunisikiliza, kwa sababu ninavyoiona hesabu yako, unachokiogopa sicho kilichopo.

Mwaka wa mapato kwa mtu binafsi unaanza Januari na kuisha Desemba, na ritani yake inatakiwa ndani ya miezi sita, yaani ifikapo tarehe 30 Juni. Kwa mapato ya mwaka jana hujachelewa. Bado uko ndani ya muda.

Kwenye ritani hiyo unaandika mapato yote, keki na utafiti pamoja. Na unaandika kiasi cha mkataba kabla ya makato. Wengi hukosea hapa, wanaandika kilichoingia kwenye simu. Mikataba yako mitatu ni 5,400,000, hata kama uliyoshika mkononi ni 5,130,000. Ile 270,000 iliyobaki ni mapato yako pia, ila imekutangulia TRA. Posho nayo imo, kwa kuwa wewe si mwajiriwa wa shirika, ni mtu uliyeuza huduma, na chochote walichokulipa ndani ya mkataba ni mapato ya kazi yako. Ulipolala gesti Kibaigwa au Manyoni kwa sababu ya kazi, hiyo ni gharama, utaiandika upande wa gharama na risiti yake. Keki ni 4,800,000. Jumla ya mauzo ghafi, 10,200,000.

Najua wapo watakaokuambia, "Mauzo yako ni madogo, wewe ni wa kukadiriwa tu." Hapa inabidi nifafanue, kwa sababu watu wengi mjini wanachanganya. Upo utaratibu wa wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi 100,000,000 kwa mwaka. Kodi yao hupigwa moja kwa moja kwenye mauzo, bila kuangalia faida. Mauzo yasiyozidi 4,000,000 hayatozwi. Kati ya 4,000,000 na 7,000,000, mwenye kumbukumbu za hesabu analipa asilimia 3 ya kinachozidi 4,000,000, na asiye na kumbukumbu analipa 100,000. Kati ya 7,000,000 na 11,000,000, mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi 7,000,000, na asiye nazo analipa 250,000. Ungekuwa muoka keki tu, mwaka jana ungelipa 24,000. Ndiyo, elfu ishirini na nne, kwa kuwa umezidisha 800,000 juu ya milioni nne. Bila daftari ungelipa 100,000. Wanaouza keki, sabuni au vitenge kwa oda wakae na namba hizi, maana naona mabinti wanajificha miaka kwa kuogopa kodi isiyofika bei ya keki moja ya sendofu.

Lakini utaratibu huo sheria imewatoa wanaofanya huduma za kitaalamu, kiufundi, za usimamizi, za ujenzi na za mafunzo. Mashirika yamekulipa kama mtoa huduma ya kitaalamu, ndiyo maana yalikata kodi ya zuio. Basi hesabu yako itafuata njia ya kawaida: mapato, toa gharama, baki na faida, kodi ipigwe kwenye faida. Wengi wakisikia hivyo wanashtuka. Kwa mtu mwenye gharama kubwa na risiti zake, njia hii haina ubaya wowote.

Tuipige pamoja. Chukua kalamu.

Kwenye keki, umesema zaidi ya nusu inarudi kwenye vifaa. Tuseme unga, sukari, siagi, mayai, gesi na maboksi vilikula 2,900,000. Kwenye utafiti, nauli za kutoka mfukoni mwako, gesti na vifurushi vya intaneti tuseme 650,000. Kompyuta haiondolewi yote kwa mwaka mmoja. Sheria inaruhusu asilimia 37.5 ya thamani yake kwa mwaka wa kwanza, na kwa 1,200,000 hiyo ni 450,000. Kilichobaki utaendelea kukipunguza miaka inayofuata. Ungekuwa unaitumia pia kutazama tamthilia ungeingiza sehemu ya kazi peke yake, lakini umesema ni ya kazi tu. Jumla ya gharama, 4,000,000. Faida yako, 6,200,000.

Kwa mtu binafsi mkazi, 3,240,000 za kwanza kwa mwaka hazitozwi kodi. Kuanzia hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8. Kwa hiyo faida yako inayotozwa ni 2,960,000, na asilimia 8 yake ni 236,800.

Hiyo ndiyo kodi yako ya mwaka mzima. Walishakukata 270,000. Umelipa zaidi ya unachodaiwa kwa 33,200.

Mamilioni uliyokuwa ukiyaona usiku hayapo, mwanangu. Ila namba hizi zinasimama kwa miguu miwili, na mmoja kwako unalegea.

Mguu wa kwanza ni vyeti vya kodi ya zuio. TRA hawatakupunguzia 270,000 kwa maneno yako. Watataka cheti cha kila mkataba. Vyeti viwili ulivyo navyo vinabeba 120,000 na 60,000, jumla 180,000. Cha shirika la pili, cha 90,000, huna. Bila hicho, badala ya kudai 33,200 utadaiwa 56,800. Kile alichokuambia mhasibu usisumbuke nacho kina thamani ya shilingi 90,000 zako.

Hapa nitasema wazi, kwa sababu jambo hili linaniudhi. Shirika likikata kodi ya kijana linabaki na wajibu wa aina mbili: kuipeleka serikalini, na kumpa aliyekatwa cheti chake. Cheti si hisani ya mhasibu. Kijana aliyetembea jua la Bahi kutoka kaya hadi kaya ametoa jasho kwa ile 90,000, na kumwambia "lilishakwisha" ni kumnyang'anya haki yake ya kuihesabu. Wengi mnanyamaza mkiogopa kutoitwa kwenye kazi inayofuata. Ninaielewa hofu hiyo. Andika barua pepe fupi yenye adabu, siyo ujumbe wa simu: taja namba ya mkataba, tarehe uliyolipwa, kiasi kilichokatwa na TIN yako, halafu omba cheti cha kodi ya zuio. Mpelekee mhasibu, na nakala kwa aliyesaini mkataba. Mara nyingi nakala hiyo ndiyo inayofanya kazi. Wakikaa kimya, chukua barua hiyo, mkataba na taarifa ya malipo uende navyo TRA, uwaombe waangalie kama fedha ilipelekwa kwa TIN yako. Kama haikupelekwa, wa kujibu ni shirika.

Mguu wa pili ni ushahidi wa gharama. Hapo ndipo kwako panalegea, kwa sababu katika barua yote hukutaja risiti hata moja. Gharama yenye risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, inasimama yenyewe. Gharama iliyoandikwa kwenye daftari bila risiti inaweza kukataliwa, na afisa akiikataa hajakuonea. Wakizikataa gharama zako zote, kodi itapigwa kwenye 10,200,000 nzima. Hapo viwango vinapanda: asilimia 8 hadi 6,240,000, asilimia 20 hadi 9,120,000, kisha asilimia 25 hadi 12,000,000. Inakuja 1,086,000. Ukitoa 270,000 ya vyeti vyote vitatu, unabaki na deni la 816,000. Mapato ni yale yale, kazi ni ile ile. Kinachotofautisha kudai 33,200 na kudaiwa 816,000 ni karatasi.

Ukweli wako utakuwa mahali fulani katikati, na kazi ya wiki hii ni kuusogeza upande wako. Kompyuta uliinunua dukani, risiti itafute au urudi kuomba nakala. Unga, sukari na siagi, kama ulichukua duka la jumla, mwambie mwenye duka akutafutie mauzo yako, hasa kama ulikuwa ukilipa kwa simu na tarehe unazo. Gesti nyingi zina vitabu vya wageni na risiti. Mayai ya mama wa mtaani na bodaboda ya kwenda Mtera havina risiti na havitakuwa nayo. Viandike kwa tarehe na kiasi, uambatanishe muamala wa simu kama upo, na ukubali moyoni kwamba sehemu hiyo inaweza kukatwa. Usitunge. Ritani yenye gharama 2,700,000 za kweli ni bora mara nyingi kuliko yenye 4,000,000 ambazo huwezi kuzieleza ukiulizwa.

Miamala ya simu, mjomba anadhani inakuficha. Inakutetea. Omba taarifa ya mwaka mzima kutoka kwa mtandao wako, kaa na mdogo wako, mtenganishe kilichoingia kwa keki, kilichoingia kwa mkataba, na fedha za nyumbani, zile za shangazi aliyekutumia nauli ya msiba au rafiki aliyekurudishia mkopo. Hizo si mapato. Lakini usipozitenganisha wewe, atakayeiona taarifa hiyo atakuwa na sababu ya kuziona zote kama mauzo. Kuanzia sasa laini ya biashara iwe peke yake. Kumbukumbu zote zitunze miaka mitano, ndivyo sheria ya usimamizi wa kodi inavyotaka, na zinaruhusiwa kuwa kwa Kiswahili. Daftari la kaunta linatosha.

Umeniuliza habari ya mama na ada ya mdogo wako. Hazipunguzwi. Naandika hili kwa moyo mzito, kwa sababu ninajua kwamba kwako hiyo 100,000 ya Mpwapwa hutoka kabla hujanunua hata kilo ya unga. Sheria inatambua gharama iliyotumika kuzalisha mapato tu, na inayaita mengine matumizi binafsi, yawe ya anasa au ya kumlisha mzazi. Usijaribu kuyaingiza kwa jina la "msaidizi wa jikoni". Kama mdogo wako kweli anakusaidia kupeleka keki na unamlipa, hilo ni jambo jingine na liwe na maandishi yake.

Rafiki yako mwalimu naye umsomee hapa. Mwajiriwa ambaye kipato chake ni mshahara wa mwajiri mmoja peke yake, unaokatwa kodi kila mwezi, hana haja ya kuwasilisha ritani. Siku alipopokea malipo ya utafiti alitoka kwenye kundi hilo. Anatakiwa kujumlisha mshahara na faida ya utafiti kwenye ritani moja, kisha atoe kodi iliyokatwa kwenye mshahara na kodi ya zuio. Wala hawezi kujiweka kwenye ule utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, kwa kuwa ule ni wa mtu ambaye mapato yake yote ni ya biashara. Na yeye, tofauti na wewe, huenda akawa na cha kuongeza, kwa sababu mshahara umeshatumia ile sehemu isiyotozwa kodi, na cha juu yake kinaangukia kwenye viwango vikubwa zaidi. Afadhali ajue sasa, ana mpaka 30 Juni.

Mwaka juzi usikutishe. Ulikuwa na keki peke yake na hukufika 4,000,000, kwa hiyo hakukuwa na kodi ya kulipa. Ueleze hivyo hivyo ukiulizwa. Jambo litakaloweza kukugusa ni kwamba mwaka jana hukuwasilisha makadirio. Mfanyabiashara anatakiwa kukadiria mapema kodi ya mwaka na kuilipa kwa awamu nne, 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kutokuwasilisha kunaweza kuzaa adhabu, na adhabu hizo huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu ya mwezi, ndiyo maana kila mwezi unaojificha unakuongezea. Wakikutajia, usibishane kaunta. Andika barua ueleze kwamba umekuja mwenyewe, kwamba kodi ya mwaka ilikuwa imeshazuiwa na mashirika, na uombe usamehewe; sheria inampa Kamishna Mkuu mamlaka ya kusamehe riba na adhabu kukiwa na sababu ya msingi. Ukishindwa kulipa kwa mkupuo, omba kwa maandishi kulipa kwa awamu. Malipo yoyote yafanye kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo wa serikali, kwa simu au benki, kamwe si fedha mkononi mwa mtu.

Na ikitokea ukapigwa hesabu usiyokubaliana nayo, una siku 30 tangu ulipopewa kuweka pingamizi kwa maandishi. Ukiona inakuzidi, mtafute mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA. Orodha yao iko wazi, na atakusainia kazi yake kwa jina lake, jambo ambalo kishoka hafanyi.

Kuhusu mjomba, usiende kwa siri. Amekulea, na alichokuambia kimetoka kwenye maisha ya mtu aliyefanya biashara kabla mambo hayajaandikwa kwenye simu. Mwonyeshe hesabu hii, umwachie aipitie mwenyewe kwa kalamu. Mtu wa Majengo miaka yote hiyo anajua kusoma faida na hasara kuliko mimi na wewe, na anaweza pia kukuambia ni duka gani la jumla lina uhusiano mzuri naye, wakutafutie nakala za risiti. Akishikilia msimamo wake, mheshimu, lakini mkataba ni wako na TIN ni yako.

Jumatatu nenda TRA asubuhi na mapema, na kitambulisho chako cha NIDA, mikataba mitatu, vyeti viwili, taarifa ya simu na daftari, hata kama halijakamilika. Huisha TIN kwanza, kisha uwasilishe makadirio ya mwaka huu siku hiyo hiyo, kwa kuwa awamu ya Machi imeshakupita. Mkataba mpya ni 9,000,000, na wataukata 450,000. Weka na keki chache utakazoweza kuoka ukiwa kazini. Kama faida ya mwaka huu itafika, tuseme, 9,000,000, kodi yake ni 792,000, kwa hiyo juu ya makato ya shirika itakubidi uongeze kama 342,000. Anza kuitenga tangu malipo ya kwanza. Mambo yakibadilika katikati ya mwaka, makadirio yanarekebishika.

Ritani ya mwaka jana usingoje 30 Juni. Ipeleke mara tu cheti cha tatu kitakapopatikana, na kama hakijapatikana hadi wiki ya mwisho ya Mei, ipeleke na vyeti viwili, ulipe ile tofauti, maana kazi ya 9,000,000 haipaswi kungojea karatasi ya 90,000. Cheti kikija baadaye utaomba marekebisho. Shirika nalo waandikie leo hii kwamba maombi ya cheti cha kutodaiwa kodi yanashughulikiwa, wasikuweke pembeni kwa kudhani umenyamaza.

Shangazi